Fedha Zirudizo na Fedha Zisizorudi: Tahakiki ya Istilahi za Mikopo ya Manufaa ya Jamii

Tangu Bunge lilipoirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, kazi ya mfasiri wa serikalini imekuwa nzito kuliko ilivyopata kuwa. Zamani neno likimponyoka mfasiri, hasara yake ilikuwa ni msomaji kukunja uso. Leo neno hilo hilo laweza kuingia katika mkataba, likatiwa saini au dole gumba, na baada ya miezi michache likamdai mtu mali yake. Jambo hili laonekana wazi hasa katika istilahi za fedha zinazotolewa kwa vikundi, vyama vya ushirika na mashirika ya hisani kwa kusudi la namna mbili: zilete manufaa kwa watu, na zimrudie aliyezitoa.

Fedha za namna hiyo ziko katikati ya hisani na biashara ya benki. Huko Bangladesh, Benki ya Grameen iliyoanzishwa na Muhammad Yunus ilipata hadhi ya benki kamili mwaka 1983 kwa kuwakopesha maskini wasio na kitu cha kuweka rehani. Uingereza ilianzisha Big Society Capital mwaka 2012, ambayo tangu 2024 huitwa Better Society Capital. Sehemu ya mtaji wake ilitokana na akaunti za benki zilizosahauliwa na wenyewe, na fedha hizo huyafikia mashirika ya hisani kwa njia ya mikopo. Hapa kwetu sheria mbili za mwaka 2018, moja ya huduma ndogo za fedha na nyingine ya mikopo ya halmashauri, zimeufikisha utaratibu huu mpaka vijijini. Makala haya yanakusudia kuzipima istilahi zinazotumika kwa fedha hizo, kuonyesha zipi zinamsaidia mwananchi na zipi zinampotosha, na kutoa mapendekezo.

Mahali tulipopachagua pa kuzipimia ni Inyonga. Mji huu mdogo, ulio mashariki ya Mpanda, ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele katika Mkoa wa Katavi. Ni nchi ya Wakonongo, katikati ya misitu ya miombo, na watu wake wamefuga nyuki tangu kale kwa mizinga ya magogo na ya magome. Wengine hulima tumbaku kwa pembejeo za mkopo kupitia vyama vya ushirika, na deni lao hukatwa wakati wa mauzo. Wafuga nyuki wana chama chao, na shirika la ADAP la Geneva limefanya kazi pamoja nao kwa miaka mingi. Basi mtu mmoja wa Inyonga aweza katika mwaka mmoja kukutana na fedha za mfadhili, za halmashauri, za ushirika, za kikoba na za benki. Istilahi isiyoweza kumtenganishia mtu huyo fedha hizo haitafaa mahali pengine.

Mizani ya maswali matatu

Istilahi nzuri ya fedha yafaa imjibu msomaji maswali matatu kabla hajayauliza. Kwanza, je, fedha hizi zitarudi? Pili, zikirudi, zitarudi zenyewe tu au pamoja na nyongeza? Tatu, zikipotea pasipo hila ya mtu, hasara itakuwa ya nani? Si lazima neno moja lijibu yote matatu. Lakini neno lisilojibu hata moja ni pambo, na neno linalotoa jibu la uongo ni mtego.

Yafaa ikumbukwe kwamba lugha yetu ya siasa ilikwisha kuijua tofauti hii zamani. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipojadili hatari ya kutegemea fedha za nje, lilizitaja kando kando fedha za kupewa bure, fedha za kukopa na fedha za wenye makampuni wanaotafuta faida. Mtu angeweza kulikubali au kulipinga hoja hiyo, lakini hakuweza kusema kwamba hakuelewa fedha zipi zinasemwa. Ufasaha huo ndio tunaouona ukipungua siku hizi.

Msaada, ruzuku na kuwezeshwa

Neno la kwanza kulitilia shaka ni kitenzi “kuwezeshwa”. Katika taarifa za maofisa twasoma kwamba kikundi fulani “kimewezeshwa shilingi milioni kumi”, au kwamba wafuga nyuki “wamewezeshwa mizinga ya kisasa”. Kitenzi hiki ni kitamu mdomoni na kina adabu, lakini hakijibu swali hata moja katika yale matatu. Aliyepewa bure amewezeshwa, aliyekopeshwa amewezeshwa, na aliyekodishiwa naye amewezeshwa. Kosa hilo hukuzwa na kitenzi mwenzake, “kukabidhiwa”, ambacho huandamana na sherehe, ngoma na hundi kubwa ya mfano. Mwanakijiji aliyeshuhudia hundi ikikabidhiwa mbele ya mgeni rasmi ana haki ya kudhani kuwa ameona zawadi.

Neno “msaada” nalo limepanuliwa kupita kiasi, hata twasikia “msaada wa mikopo”. Kwa watu wengi msaada haurudishwi kwa hesabu. Hurudishwa kwa shukrani, au kwa kumsaidia mwingine kesho. Lakini Kiswahili hakikukosa neno la fedha zisizorudi: ni “ruzuku”. Limetoka katika kitenzi cha kuruzuku, yaani kumpa mtu riziki, na hakuna anayemrudishia mwenye kuruzuku. Kwa hiyo kuandika “ruzuku itakayorejeshwa”, kama baadhi ya mapendekezo ya miradi yanavyoandika, ni kuvunja neno lililo zima. Ikiwa fedha zitarejeshwa, ziitwe mkopo tangu mstari wa kwanza.

Mikopo ya asilimia kumi

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote, na limeenea mno kiasi kwamba halionekani. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kiliitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vilivyosajiliwa vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mgawanyo uliowekwa ulikuwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maofisa, magazeti na hata wanasiasa wakaipa mikopo hiyo jina la “mikopo ya asilimia kumi”.

Tulipime jina hilo. Katika mazungumzo ya kila siku mtu akisema “mkopo wa asilimia kumi” anataja kiasi cha riba, kama vile asemavyo kuwa mkopeshaji wa mtaani anatoza asilimia thelathini. Basi jina linampa msikilizaji jibu la uongo kwa swali la pili: sheria inasema nyongeza ni sifuri, jina linasema ni kumi. Asilimia hiyo ni ya halmashauri na hesabu zake za ndani, wala haimhusu mkopaji. Ni kama kuuita mkate kwa jina la ukubwa wa ghala la unga.

Madhara yaweza kwenda pande mbili. Mama wa Inyonga anayeogopa riba, ama kwa sababu ya dini yake au kwa sababu alikwisha kuumizwa na mkopeshaji, ataupisha mkopo ambao ungemfaa. Na akitokea mtu mwenye hila akamdai mkopaji asiyejua sheria nyongeza ya sehemu ya kumi, jina lenyewe litakuwa shahidi wake.

Wapo waliojaribu kusema “fungu la kumi”. Hilo halifai kabisa, kwa kuwa fungu la kumi ni la waumini na makanisa yao, nalo hutolewa bila kurudi.

Serikali iliisimamisha mikopo hiyo mwezi Aprili 2023, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa na nyingine zilizokwenda kwa vikundi visivyokuwapo. Ilirejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya, pamoja na mpango wa kuzitumia benki katika halmashauri kumi za majaribio. Hatudai kwamba maneno ndiyo yaliyoleta hasara ile. Kikundi hewa hakiundwi na kosa la tafsiri. Tunachosema ni kwamba utaratibu ulibadilishwa, kanuni zikatazamwa upya, na jina likaachwa kama lilivyokuwa.

Kuazima, kukopa, kukodi na ubia

Kiswahili hutenganisha mambo ambayo lugha nyingine huyachanganya katika neno moja. Anayeazima shoka atarudisha shoka lile lile. Anayekopa debe la mahindi atarudisha debe jingine, kwa kuwa la kwanza limekwisha kuliwa. Anayekodi baiskeli atairudisha baiskeli na atalipia matumizi yake. Na wanaoingia ubia hawadaiani kama mdai na mdaiwa: hugawana kinachopatikana, na kisipopatikana hugawana hasara.

Tofauti hizi si za kamusini tu. Tuchukue mfano wa mizinga hamsini ya kisasa inayopelekwa kwa kikundi cha wafuga nyuki. Mzinga mpya ukitundikwa hauleti asali siku ile. Lazima kundi la nyuki liingie lenyewe, lijenge masega, lipate maua. Na huenda mzinga ukakaa mtupu msimu mzima pasipo kosa la mfugaji. Ikiwa kikundi kimeazimwa mizinga, kitairudisha na mambo yataisha. Ikiwa kimekopeshwa, deni lipo hata kama nyuki hawakuingia. Ikiwa kimekodishiwa, kodi itahesabiwa kwa muda. Na ikiwa ni ubia, aliyetoa mizinga atangoja pamoja nao. Sentensi ya kawaida ya mkataba, “kikundi kitapatiwa mizinga hamsini kwa utaratibu wa mkopo nafuu”, huacha mashaka: kinachorudi ni mizinga, ni bei ya mizinga, au ni sehemu ya asali? Kitenzi “kupatiwa” ndicho kilichoufunika mlango wa swali la tatu.

Neno “nafuu” nalo linahitaji kuulizwa: nafuu ya nini? Ya riba ndogo, ya muda mrefu, au ya kutodaiwa rehani? Mfasiri asilitumie peke yake. Aandike ni jambo gani lililopunguzwa.

Riba juu ya nini?

Hata pale riba inapotajwa wazi, istilahi yaweza kuficha nusu ya habari. Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, kwa “riba ya asilimia 2 kwa mwezi”, mkopaji akirejesha shilingi 100,000 za mkopo kila mwezi. Ikiwa riba huhesabiwa juu ya mkopo wote kama ulivyotolewa, atalipa shilingi 24,000 kila mwezi, jumla shilingi 288,000. Ikiwa huhesabiwa juu ya kile kilichobaki, riba ya mwezi wa kwanza ni shilingi 24,000, ya pili 22,000, na itazidi kushuka hadi 2,000 mwezi wa mwisho. Jumla yake ni shilingi 156,000. Maneno ni yale yale, tofauti ni shilingi 132,000.

Tunapendekeza maneno mawili ya wazi: “riba juu ya mkopo mzima” na “riba juu ya salio”. Hayana uzuri wa pekee, lakini mwalimu wa darasa la saba aweza kuyafundisha kwa chaki na ubao. Wengine wangependa tulifufue neno “karadha” kwa mkopo usio na nyongeza. Ni neno zuri na pwani lina historia yake, lakini kwa msomaji wa Katavi litahitaji maelezo, hali “mkopo usio na riba” halihitaji.

Dhamana na wadhamini

“Dhamana” ni neno lililochoka kwa kubebeshwa. Polisi hutoa dhamana. Benki hudai dhamana, ikimaanisha shamba au nyumba. Kiongozi hupewa dhamana, ikimaanisha madaraka. Na “mdhamini” ana sura tatu: yuko anayelipia mashindano ya mpira na hatazamii kurudishiwa, yuko mjumbe wa Bodi ya Wadhamini anayeitunza mali ya shirika, na yuko anayeahidi kulipa deni la mwenziwe mwenziwe akishindwa. Wa kwanza anatoa, wa pili analinda, wa tatu anajifunga.

Katika mikopo ya vikundi mchanganyiko huu ni hatari. Wanachama wasio na hati za ardhi huambiwa kwamba “dhamana ni kikundi chenyewe”. Maneno haya hupendeza, kwa kuwa yafanana na sifa: kikundi chetu kinaaminika. Maana yake katika mkataba ni kwamba mmoja akitoroka, waliobaki watalipa deni lake. Mwenye kusikia sifa hatauliza swali la tatu. Kwa hiyo twashauri kitu kinachowekwa kiitwe “rehani”. Mtu anayejifunga kulipa aitwe “mdhamini wa mkopo”. Wanachama wanaojifunga wote kwa wote wasemwe kuwa “wanadhaminiana”, na palepale ifuatie sentensi moja inayosema kila mmoja atalipa nini. Mtoa fedha za mashindano au semina aitwe “mfadhili”, jina ambalo tayari analo.

Msamaha, neema na kufuta

Wakopeshaji wenye busara huwapa wafuga nyuki muda kabla ya rejesho la kwanza, maana asali hairinwi kila mwezi. Muda huo huitwa na wengine “kipindi cha msamaha” na wengine “kipindi cha neema”. Istilahi zote mbili zina kasoro moja. Anayesamehewa deni hadaiwi tena, na neema haina mwisho uliopangwa. Mtu aliyeambiwa ana miezi sita ya msamaha aweza kuamini kwamba marejesho ya miezi hiyo yamefutwa, kumbe yamesogezwa mbele tu. Twapendekeza “muhula wa subira”. Muhula una mwanzo na mwisho; na anayesubiri, kwa upande wa mkopeshaji, hajaacha kudai.

“Kufuta deni” ni mtego wa pili. Mhasibu husema deni limefutwa pale anapoliondoa katika hesabu za mali ya taasisi kwa kuwa hatazamii kulipwa. Hata hivyo mkopeshaji aweza kuendelea kumdai mtu yule. Mwananchi akisikia kwamba madeni ya kikundi chake yamefutwa, hushangilia. Haya ni mambo mawili, nayo yanahitaji majina mawili: “kuondoa deni vitabuni” kwa kazi ya mhasibu, na “kusamehe deni” kwa tendo la kumwachia mdaiwa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini ili mtu alipe, ni lazima kwanza ajue kama bado anadaiwa.

Jamii, kijamii na faida

Mwisho wa ukosoaji wetu ni jina la jumla. Watafsiri wengi hutumia “uwekezaji wa kijamii” na “biashara ya kijamii”. Kabla ya “uwekezaji” kushika nafasi katika miaka ya 1990, tulikuwa tukisema “vitega uchumi”, neno lililoonyesha wazi kwamba mtu ametega kitu akitazamia kupata. Neno hilo bado li hai kwa majengo ya kupangisha. “Uwekezaji” limekubalika na hatuna haja ya kuligombeza. Tatizo letu ni kivumishi. Msomaji akisoma “uwekezaji wa kijamii” hufikiria ujenzi wa shule na zahanati, yaani fedha zilizotumika na hazitarudi. “Kijamii” husema kitu kina tabia gani, bali hapa twataka kusema kina kusudi gani. Kwa hiyo “manufaa ya jamii” ni bora: mtaji wa manufaa ya jamii, mkopo wa manufaa ya jamii, ubia wa manufaa ya jamii, biashara ya manufaa ya jamii. Ni marefu, lakini neno la kwanza katika kila moja hujibu swali la kwanza.

Pana pia “shirika lisilo la faida”. Kwa Kiswahili cha kawaida kitu kisicho na faida ni kitu bure, kisichofaa. Tena si kweli kwamba shirika la namna hiyo haliruhusiwi kubakiwa na kitu baada ya matumizi. Lisilopaswa kufanya ni kugawana kilichobaki. Lisipobakiwa na kitu litalipaje mkopo? Basi liitwe “shirika lisilogawana faida”, na kilichobaki kiitwe “ziada”, kama vyama vya ushirika vilivyozoea kusema. Mfadhili akisoma hesabu za shirika na kukuta ziada, hatadhani ameibiwa.

Neno lililofaulu

Ili isionekane kwamba kazi yetu ni kulaumu tu, tutaje neno moja lililofaulu. Utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopeshana uliobuniwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 ulifika kwetu baadaye, na ukaenea kwa jina la VICOBA, herufi zilizofupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya benki za jamii vijijini. Wananchi hawakuzijali herufi. Walisikia “vikoba”, wakajua umoja wake ni “kikoba”, yaani mkoba mdogo, na neno likaingia katika ngeli yake kana kwamba lilizaliwa humo. Siku hizi twasema kikoba changu, vikoba vyetu, tunavunja kikoba mwezi wa kumi na mbili.

Neno hilo linafaulu katika mizani yetu yote. Mkoba ni wa wenyewe. Kilichomo ni chao. Anayechukua hurudisha ili mwingine achukue. Kikipotea, wamepotelewa wao. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inaviweka vikundi hivyo katika daraja la nne kwa jina refu la kisheria, lakini hakuna mwanachama aliyelihitaji jina hilo ili ajue wajibu wake. Kwa mfano huo, mfuko wa halmashauri au wa shirika ambao marejesho ya kundi moja huwa mkopo wa kundi lingine, na ambao wengi huuita “mfuko unaozunguka”, ungefaa kuitwa “mfuko wa kupokezana”. Gurudumu huzunguka lenyewe. Mfuko huu hauendi usipopokezwa na mtu.

Hoja za wapinzani na mapendekezo

Tunajua baadhi ya wasomaji watasema kwamba maofisa wa maendeleo ya jamii huvieleza vikundi kila jambo kwa mdomo, hivyo maneno ya karatasini si kitu. Hatukubali. Ofisa huhamishwa, karatasi hubaki. Siku ya madai, kinachosomwa ni kilichoandikwa. Wengine watasema kwamba maneno laini huwavuta watu, na maneno makali kama deni na rehani huwafukuza. Ni kweli kwamba wengine watarudi nyuma. Lakini anayerudi nyuma kwa kuelewa hakupata hasara, na wahenga walikwisha kutuonya juu ya kukopa arusi na kulipa matanga.

Kwa hiyo tunayaweka mbele ya wasomaji na wakubwa wa istilahi mapendekezo haya:

1. Ruzuku: fedha au vitu vinavyotolewa bila kurudi. Neno lisitumike kamwe kwa kitu kitakachorejeshwa.

2. Mkopo wa halmashauri usio na riba: jina lichukue nafasi ya “mikopo ya asilimia kumi” katika fomu, matangazo na hotuba.

3. Riba juu ya salio. Riba juu ya mkopo mzima: moja kati ya haya litajwe kila mahali penye riba, pamoja na muda, kwa mwezi au kwa mwaka.

4. Kuazima, kukopa, kukodi, ubia: mkataba wa vitu utumie kimojawapo, wala usitumie “kuwezeshwa” au “kupatiwa”.

5. Rehani, mdhamini wa mkopo, kudhaminiana, mfadhili: kila neno kwa maana yake moja katika hati za mikopo.

6. Muhula wa subira, kusamehe deni, kuondoa deni vitabuni.

7. Mtaji wa manufaa ya jamii, pamoja na mkopo, ubia na biashara ya manufaa ya jamii, shirika lisilogawana faida, ziada, mfuko wa kupokezana.

Mapendekezo haya si sheria, nayo yanaweza kuboreshwa. Tunawaomba walimu wayajaribu katika masomo ya biashara, watafsiri wayapime katika hati zilizo mezani mwao, na watumishi wa halmashauri wayasome kwa sauti mbele ya watu wanaohusika. Jaribio lenyewe ni rahisi. Mkataba usomwe mbele ya kikundi bila maelezo yoyote, kisha mjumbe mmoja aulizwe: zitarudi? zitarudi na nini? zikipotea, ni hasara ya nani? Akijibu sawasawa, istilahi imefaulu. Asipojibu, mkataba urudishwe kwa mfasiri kabla haujatiwa saini.